GARI YENYE KUTU: KUITENGENEZA AU KUIBADILISHA?

Gari mbili zilizotoka kiwandani siku moja, moja ikapelekwa Dodoma na ya pili ikateremshwa bandarini Malindi, Unguja, haziwi sawa baada ya miaka 10. Ile ya bara itakuwa imepauka rangi kwa jua na kuingia vumbi kila pembe, lakini mabati yake huenda bado yakawa mazima. Hii ya kisiwani huenda ikawa inang'ara mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, na huku mwenyewe akifunua mazulia yake anaiona barabara.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo kila mwenye gari katika visiwa hivi hulikabili, awe mwalimu, mchuuzi wa samaki au dereva wa gari ya abiria: gari hii itengenezwe tena, au iachwe na kutafutwa nyingine? Swali hilo huwafika pia wakuu wa idara na mashirika ya Serikali, ambao gari wanazoziamulia wamekabidhiwa na wananchi. Tumeona inafaa kulizungumza leo kwa sababu, kwa maoni yetu, mara nyingi hujibiwa kwa mapenzi au kwa aibu, na mara chache kwa kuingia chini ya gari na kutazama.

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji apate kuupima. Gari yenye kutu itengenezwe ikiwa mifupa yake ni mizima. Iondolewe barabarani ikiwa mifupa hiyo imeoza, hata kama injini yake ingali ikinguruma kama mpya. Na katika hali zote mbili uamuzi ufanywe mapema, kwani kinachotuletea hasara kubwa kuliko zote ni kuahirisha.

CHUMVI NA CHUMA

Chuma hakichimbwi kikiwa chuma. Hutoka ardhini kikiwa mawe mekundu ambamo kimeungana na oksijeni, na hutenganishwa nayo kwa moto mkali wa tanuri. Tangu siku kinapotoka katika tanuri hilo chuma huwa kinatafuta njia ya kurejea kilikotoka, na kutu ndiyo njia yenyewe. Kwa safari hiyo kinahitaji vitu viwili tu, hewa na maji, na visiwani hapana upungufu wa hewa ya unyevu. Chumvi haianzishi kazi hiyo lakini huiharakisha sana. Maji yenye chumvi hupitisha kwa wepesi ule umeme mdogo unaokula chuma. Na chumvi iliyokauka juu ya bati huvuta unyevu kutoka hewani, hata bati likabaki na umaji siku ambayo mvua haikunyesha.

Aidha, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo sababu rangi huvimba vipele kabla ya tundu kuonekana. Na wakati alumini ikipata hewa hujifunika kwa utando mwembamba unaoikinga, kutu ya chuma ni magamba yanayopukutika na kuacha chuma kingine wazi ili nacho kiliwe. Anayeona kipele kimoja cha rangi mlangoni na kusema kwamba ni kitu kidogo, ajue kuwa upande wa ndani kazi imekwisha kwenda mbali.

Hali za kisiwa zinalifahamisha jambo hili vizuri zaidi. Vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama vile Paje, Jambiani na Makunduchi, vinaelekea bahari kuu, na upepo unaotoka huko hubeba marasharasha ya chumvi hadi chini ya kila paa. Tangu kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza kwetu mwaka 1989, gari ndogo za mizigo zimekuwa zikibeba magunia ya mwani ambao haukukauka vizuri, na maji yake huchuruzika juu ya sakafu ya bati. Gari za samaki nazo hupakia barafu iliyochanganyika na maji ya bahari, ikayeyuka njiani kutoka diko hadi sokoni. Wenye gari hizo huosha milango na vioo kila jioni, lakini chini ya gari, ambako chumvi imelala, ni nadra kupitishwa ndoo moja ya maji baridi.

MIFUPA NA NGOZI

Jambo la kwanza ambalo mwenye gari hana budi kulijua ni kama gari yake ina mifupa mbali na ngozi, au ngozi yenyewe ndiyo mifupa.

Gari nyingi za mizigo na za safari ngumu zimejengwa kwa fremu nzito ya chuma, yaani chesisi, ambayo juu yake huwekwa bodi. Mfano unaojulikana sana kwa watumishi wa Serikali wa zamani ni Land Rover. Gari hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu baada ya vita, na kwa ajili hiyo bodi yake ilifanywa kwa mchanganyiko wa alumini. Chesisi yake ilikuwa ya chuma. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kuitazama Land Rover ya miaka 40, akaona bodi haina hata alama ya kutu, akanunua kwa furaha, na kumbe chini yake fremu imekuwa kama kaki iliyotiwa chai.

Gari zetu za shamba zenye bodi ya mbao, ambazo mafundi seremala wa visiwa hivi wamezijenga kwa miaka mingi juu ya chesisi za gari za mizigo, zinafundisha somo hilo kwa upande wa pili. Mbao zikioza hung'olewa na kupigwa nyingine, na gari ikaendelea na safari. Ngozi imebadilishwa mara tatu au nne, na mifupa ni ile ile. Kwa gari ya namna hiyo neno "kutengeneza" lina maana kamili, maadamu chesisi inakaguliwa kila bodi inapofunguliwa.

Gari ndogo za familia na gari nyingi za teksi hazina chesisi ya namna hiyo. Sakafu, nguzo za milango, mhimili unaopita chini ya milango na mahali zinapofungwa springi na shokomzoba, vyote ni mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa yakawa kitu kimoja chenye nguvu. Ndani ya mihimili hiyo mna uwazi, na katika uwazi huo maji ya chumvi huingia, yakatuama, yakala chuma kutoka ndani kwenda nje. Kutu inapochungulia nje huwa imekwisha kula. Ikiwa madigadi imetoboka, hilo ni jambo la ngozi. Mwenye gari anaweza kulitengeneza mwezi huu au ujao. Ikiwa mhimili wa chini ya mlango umetoboka, au mahali panapofungwa mkanda wa kiti pamelegea, hilo ni jambo la roho za watu. Siku ya ajali ndio mihimili hiyo inayotakiwa kuvumilia kishindo ili abiria wasivumilie.

Ukaguzi wake hauhitaji mitambo ya ghali. Gari inyanyuliwe kwa jeki juu ya ardhi ngumu, na iegemezwe juu ya magogo imara kabla mtu hajaingia chini yake. Fundi agonge mihimili kwa mpini wa nyundo: chuma kizima hulia, chuma kilichooza huitikia kwa sauti ya kifu. Achukue bisibisi na kusukuma kwa nguvu ya mkono pale anapopatilia shaka. Ikiwa inaingia, jibu limepatikana. Sumaku ndogo ipitishwe juu ya rangi, kwani sumaku hushika bati na haishiki puti. Mazulia yafunuliwe, tairi ya akiba itolewe katika buti, na chini ya milango vitazamwe vile vitundu vya kutolea maji ambavyo aghalabu vimezibwa na tope. Gari ikiwa juu ya jeki, mlango ufunguliwe na kufungwa. Ikiwa mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, gari inajikunja katikati, na hapo pana ugonjwa mkubwa.

Mirija ya breki isisahauliwe. Ni myembamba, mara nyingi ni ya chuma, na hupita chini kabisa ambako chumvi hurukia. Mrija ukipasuka, mafuta ya breki humwagika na pedali huzama hadi chini. Badala ya mrija ni kazi ndogo kwa fundi, na hakuna udhuru wa kuiacha.

FUNDI NA PUTI

Kutengeneza kutu kuna maana moja tu kwa fundi mwaminifu. Bati lililooza hukatwa mpaka kufikia chuma safi, kipande kipya chenye unene unaofaa huchomelewa mahali pake, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na ndani ya uwazi wa mihimili hutiwa mafuta au nta ya kukinga. Kabla ya kuchomelea, betri hufunguliwa, na tangi la mafuta pamoja na viti vilivyo karibu huondolewa, kwani gari zimekwisha kuungua kwa cheche moja.

Kazi nyingine inayofanana na hiyo kwa macho ni ya kuficha. Tundu huzibwa kwa gazeti na puti, au kipande cha bati hupachikwa juu ya kuoza kama kiraka juu ya kidonda kisichosafishwa, kisha hupakwa rangi nyeusi nzito. Chini ya kiraka unyevu umefungiwa, na kutu huendelea kwa kasi zaidi kuliko ilipokuwa wazi. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na puti ni mficha maradhi wa kwanza katika karakana zetu. Lawama hatuwatupii mafundi peke yao. Mara nyingi mwenye gari ndiye aliyeomba kazi ya bei ndogo ili apate kuuza kabla ya masika. Kisiwa ni kidogo. Gari hiyo itanunuliwa na mtoto wa jirani, na itampakia mtu tunayemjua.

HESABU ZIANDIKWE

Baada ya kujua hali ya mifupa, ndipo inapokuja hesabu, na mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi hupima gharama ya matengenezo kwa bei ya gari yenyewe, wakasema kuwa si akili kutia milioni 3 katika gari ya milioni 4. Kipimo hicho kinapotosha. Kinachotakiwa kupimwa ni gharama ya kuendelea na gari hii kwa kila mwaka itakaotumika, dhidi ya gharama ya kuwa na gari nyingine kwa kila mwaka itakaotumika hiyo.

Tuchukue mfano, na tarakimu zake ni za mfano tu. Gari ilivyo leo inaweza kuuzwa shilingi milioni 4. Fundi wa bodi anataka milioni 2 na nusu, na zinahitajika milioni 1 kwa tairi, breki na shokomzoba. Jumla milioni 3 na nusu. Gari nyingine inayofaa, ikiwa imekwisha kulipiwa ushuru, gharama za bandari, usajili na bima, inafika milioni 14. Tukitoa milioni 4 za kuuzia ile ya zamani, zinabaki milioni 10 za kutafutwa. Sasa, ikiwa matengenezo yataipa gari ya zamani miaka 3, kila mwaka utakuwa umegharimu pungufu kidogo ya milioni 1 na laki 2. Ikiwa gari nyingine itadumu miaka 8, kila mwaka utakuwa umegharimu milioni 1 na laki 2 na nusu. Tofauti ni ndogo, na mtu asiyekuwa na milioni 10 mkononi hana sababu ya kujitia katika deni. Lakini ikiwa mifupa imeoza na matengenezo yatadumu mwaka mmoja tu, mwaka huo utakuwa umegharimu milioni 3 na nusu, yaani karibu mara tatu ya ile njia ya pili, na mwisho wake gari haiuziki ila kwa spea.

Katika hesabu hiyo fedha zilizokwisha kutumika zisitiwe. Wapo wanaosema, "Mwaka jana niliitia injini mpya, siwezi kuiacha sasa." Injini hiyo ni mali, nayo inaweza kufunguliwa na kuuzwa au kutiwa katika bodi nyingine ya aina ile ile. Fedha iliyokwenda haitarudi kwa kuifuata na fedha nyingine. Vile vile zihesabiwe siku ambazo gari imelala karakana, kwani kwa mchukuzi wa abiria au wa karafuu siku hizo ni chakula cha nyumba.

INAYOKUJA IMETOKA WAPI?

Kipya kinyemi ijapokuwa kidonda. Mwenye gari aliyechoka na kutu huifikiria gari nyingine kama kwamba itashuka melini ikiwa haina historia. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya gari zinazoingia visiwani zimekwisha kutumika Japani, nchi ambayo, kama sisi, huendesha upande wa kushoto. Huko gari mpya ya mtu binafsi hupelekwa kukaguliwa baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Gari inapozeeka, mwenyewe hukaa akapiga hesabu ile ile tuliyoieleza hapo juu, na akiona kuitengeneza hakumlipi huiuza. Kwa maneno mengine, gari tunayoiita mpya ni ile ambayo mwenzetu wa mbali ameamua kutoitengeneza.

Mara nyingi uamuzi wake ulikuwa na sababu zisizotuhusu, na gari ni nzuri. Lakini Japani nayo ni nchi ya visiwa, yenye pwani ndefu, na katika kisiwa cha Hokkaido na majimbo ya kaskazini theluji huanguka kwa wingi, na barabara hutiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari iliyoishi huko miaka 10 inaweza kuwa imekula chumvi nyingi kuliko ya Jambiani. Picha inayotumwa kwa mnunuzi huonyesha boneti na taa; haionyeshi tumbo. Basi anayenunua aombe picha za chini ya gari, na akinunua hapa nchini aitazame juu ya shimo la fundi, kwa bisibisi na sumaku, kabla ya kutoa hata shilingi moja. Jirani zetu wa Kenya wameweka sheria kwamba gari iliyozidi miaka 8 isiingizwe nchini mwao. Hatusemi kwamba sheria hiyo iigwe ilivyo, maana umri peke yake hauonyeshi kutu. Lakini kipimo cha hali ya chini ya gari, kabla haijapewa namba ya usajili, ni jambo ambalo linafaa kutiliwa mkazo zaidi katika visiwa.

GARI ZA UMMA

Tunawageukia sasa wakuu wa idara, mashirika na halmashauri. Gari ya Serikali inayoharibika kwa kutu ina tofauti moja na gari ya mtu binafsi: mwenye nayo hayupo pale inapoegeshwa. Dereva anajua kwamba mhimili umetoboka, lakini hana fungu. Mhasibu ana fungu la mafuta ya safari, hana fungu la kuosha na kupaka mafuta chini ya gari. Mkuu anajua kwamba akiomba bati la laki 3 ataulizwa maswali mengi, na kwamba akisubiri mpaka gari ife anaweza kuandika maombi ya gari mpya. Mambo yakiwa hivyo, gari hufa kwa kukosa laki 3, na wananchi hulipia makumi ya milioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa kodi ya mkulima wa karafuu na mwanamke wa mwani.

Tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kwanza, kila gari ya umma iwe na daftari lake ambamo, mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, fundi ataandika hali ya chesisi, sakafu na mirija ya breki, na kutia saini. Pili, katika kila bajeti litengwe fungu dogo la kinga lisiloguswa kwa kazi nyingine. Tatu, uamuzi wa kutengeneza au kuiondoa gari ufanywe kwa kulitazama daftari hilo, na uwe na tarehe ya mwisho, ili gari zisikae juu ya mawe nyuma ya ofisi mwaka baada ya mwaka zikinyeshewa na kuibiwa vioo. Nne, gari inayopigwa mnada iandikiwe wazi kasoro zake za mifupa, na ile iliyooza kabisa iuzwe kwa spea na chuma chakavu tu, isirudi barabarani kuchukua watu.

Kwa gari za wagonjwa na za wanafunzi tunataka kipimo kiwe kikali zaidi. Mtu mzima anayeendesha gari yake mbovu amejichagulia, ijapokuwa wanaopita njiani hawakuchagua. Mama anayepelekwa Chake Chake au Mkoani usiku kwa uchungu wa uzazi hakuulizwa kama anaukubali mhimili uliooza. Katika vijiji vingi gari ya wagonjwa ni ile ile inayochukua samaki asubuhi. Ndiyo sababu hatuwezi kuiona kutu kuwa shauri la mwenye gari peke yake.

Wala tusijidanganye kwamba kuahirisha ni njia ya tatu. Wakaazi wa Mji Mkongwe wamekwisha kuona kwa macho yao jumba la Beit al Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, likiporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yake yakiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba na gari si kitu kimoja, lakini hewa inayovila ni moja, na vyote viwili hutaka matengenezo yao wakati mifupa ingali ina nguvu ya kuyapokea.

GARI ILIYOKUFA

Limebaki jambo ambalo bara huweza kulipuuza na kisiwa hakiwezi. Unguja haizidi sana kilomita za mraba 1,600, na Pemba haifiki 1,000. Katika sensa ya mwaka 2022 watu waliohesabiwa Zanzibar walikuwa zaidi ya milioni 1 na laki 8. Gari huja kwa meli, na ikisha kufa hairudi. Huachwa chini ya mwembe, tairi zake zikakusanya maji na kuzaa mbu, oili yake ikamwagika, na betri yake ikatoa asidi na risasi. Maji yetu ya kunywa tunayateka chini ya ardhi, na ardhi yetu kwa sehemu kubwa ni ya mawe ya matumbawe yenye matundu yanayopitisha kila kinachomwagwa juu yake. Hata ile desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu inafaa ifikiriwe tena kwa sababu hiyo, maana mvua ya kwanza huiosha na kuipeleka kisimani.

Kwa hivyo hesabu ya "kubadilisha" haijakamilika mpaka ijibu pia gari ya zamani itakwenda wapi. Halmashauri za wilaya zitenge mahali maalumu pa kupokelea gari zilizokufa, ambapo mafuta na betri vitaondolewa kwanza, spea zitauzwa kwa utaratibu, na chuma kitakusanywa na kusafirishwa. Visiwa hivi vimekwisha kuonyesha kwamba vinaweza kutangulia katika mambo ya usafi: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2019. Kama tuliweza kuuzuia mfuko, hatuoni kwa nini gari nzima itushinde.

Tunamaliza kwa kuwanasihi wenye gari. Kabla ya mvua za masika, kila mmoja ampelekee gari yake fundi anayemwamini, amwambie aitazame chini na amweleze ukweli, kisha aketi na kalamu na karatasi. Akikuta mifupa mizima, aitengeneze bila ya kuona haya kwa sababu gari ni ya zamani, na kuanzia hapo aioshe chini kwa maji baridi kila wiki. Akikuta imeoza, aiage, auze kilicho kizima kwa uwazi, na asikubali kuipaka rangi. Na wakuu wa idara, kwa kuwa wao wanatumia mali ya watu wote, tungependa kuyaona madaftari ya gari zao yakifunguliwa katika mwaka huu wa fedha, wala wasingoje mwingine.